Faili la kanzidata limepungua baada ya kuhama: data zimepotea, au ni hewa tu imetoka?

Mhasibu wa duka la jumla upande wa Mbuyuni, hapa Moshi, alinipigia saa mbili usiku. Mchana ule nilikuwa nimewahamishia kanzidata ya mauzo kutoka kompyuta ya zamani, ambayo diski yake ilijaa mpaka ikagoma kutoa risiti, kwenda mashine mpya. Salamu zilikuwa fupi.

"Kaka, folda ya zamani ina giga kumi na moja. Hii yako ina giga tatu na kitu. Giga zetu karibu nane umeziacha wapi?"

"Dada, ile kompyuta ya zamani hamjaifuta?"

"Bado."

Nikashusha pumzi. Nikamwambia alale, asubuhi nitapita tuhesabu pamoja.

Swali hilo nimeulizwa Moshi na Arusha mara nyingi mno, kwa hiyo naandika hapa ninachofanya nikifika kwa mteja. Natanguliza yale ambayo kweli yanaweza kuwa yamepotea; hewa, yaani nafasi tupu ndani ya faili, baadaye. Mifano mingi ni ya MySQL, programu ya kutunza kanzidata, kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani na kwenye ofisi ndogo huku kwetu. MariaDB inafanana nayo kwa sehemu kubwa, na PostgreSQL nimeipa nafasi yake mbele.

Hesabu kwanza, na usihesabu kwa macho

Kosa la kwanza watu hulifanya palepale: wanafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kuendeshea MySQL kwenye kivinjari, upande wa zamani na upande mpya, wanasoma idadi ya rekodi iliyoandikwa pembeni ya kila jedwali, wanaona hazilingani, presha inapanda. Angalia vizuri. Mbele ya namba hizo mara nyingi pana alama ya wimbi, ~. Maana yake ni "takriban". Kwa majedwali ya InnoDB, injini ya kawaida ya kuhifadhi data ndani ya MySQL, namba hiyo inatoka TABLE_ROWS ya information_schema (majedwali ya taarifa za mfumo), ambayo ni makadirio, na nyaraka za MySQL zenyewe zinakiri kwamba yanaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 40 hadi 50. Isitoshe, kuanzia MySQL 8.0 takwimu hizo huwekwa akiba kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, kwa hiyo unaweza kuwa unasoma habari za jana. Ukitaka zisasishwe, endesha ANALYZE TABLE.

Hesabu ya kweli ni hii, pande zote mbili:

    SELECT COUNT(*), MAX(id), SUM(kiasi) FROM mauzo;

COUNT inakuambia rekodi ni ngapi, MAX inakuambia kama mkia umekatika. SUM niliiongeza kwa ajili ya mhasibu. Asubuhi ile nilipomwonyesha kwamba COUNT zinalingana hakutikisika. Alifungua kaunta buku lake, lile la jalada gumu, akaweka kidole kwenye jumla ya mauzo ya Desemba aliyoiandika kwa mkono, akasema, "Nipe Desemba." Nikampa Desemba. Akasogeza kidole. "Nipe Agosti ya mwaka juzi." Tukaenda hivyo miezi sita, na shilingi haikupungua hata moja. Tangu siku hiyo sifungi kazi ya kuhamisha bila kuomba jumla moja ambayo mteja anaijua bila kompyuta.

Ukikuta upande wa zamani umezidi kwa rekodi chache tu, uliza kama kuna mtu aliendelea kuuza pale baada ya wewe kutoa nakala. Huwa yupo.

Rekodi zimepungua kweli

Hapa ndipo pa kuogopa. Anza na faili la SQL lenyewe, yaani nakala ya maandishi uliyoitoa kwenye kanzidata ya zamani ili uiingize kwenye mpya, tazama mkia wake:

    tail -n 5 bekapu.sql

Nakala ya mysqldump, programu ya kutolea nakala za MySQL, iliyokamilika huishia na mstari unaoanza "-- Dump completed". Ya pg_dump, mwenzake wa PostgreSQL, ina maneno "PostgreSQL database dump complete" karibu na mwisho. Kama mstari wa mwisho ni INSERT, amri ya kuingiza rekodi, iliyokatikia katikati ya jina la mteja, jibu umelipata: utoaji haukufika mwisho. Huenda umeme ulikatika, au ulitumia phpMyAdmin kwenye kanzidata kubwa na muda wa PHP ukaisha, au ulikuwa unaandika nakala kwenye diski ileile iliyojaa. Hilo la mwisho linachekesha mpaka likukute. Mtu anahama kwa sababu diski imejaa, halafu anaweka mizigo kwenye diski hiyohiyo.

Kama mkia ni mzima, basi tatizo lilitokea wakati wa kuingiza. Hapa MySQL na PostgreSQL zina tabia zinazopingana, na anayezoea moja hudanganywa na nyingine. Programu ya mysql ikilishwa faili husimama kwenye kosa la kwanza, isipokuwa umeweka --force. Kwa hiyo majedwali ya mwanzo yanakuwa na data na ya mwisho hayapo kabisa. Kosa la kawaida ni namba 1153 au 2006, pale INSERT moja ndefu inapozidi max_allowed_packet, kikomo cha ukubwa wa amri moja. Hutokea sana kwenye kanzidata zenye picha za vitambulisho au stakabadhi zilizoskaniwa. Ongeza kiwango hicho kwenye seva, kisha ingiza upya tangu mwanzo.

psql, ya PostgreSQL, yenyewe hupiga kelele kwenye kosa halafu ikaendelea na safari. Makosa yanapita kwenye skrini kwa kasi, mwisho unarudi kwenye mstari wa amri kama hakuna kilichotokea, na jedwali moja katikati liko tupu. Ilazimishe isimame:

    psql -v ON_ERROR_STOP=1 -d duka -f bekapu.sql

Rekodi zote zipo, lakini programu inalalamika

Hii ni fupi. mysqldump huchukua vichochezi vya majedwali (amri zinazojiendesha rekodi ikibadilika) bila kuambiwa, lakini taratibu na kazi za ratiba zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata haizichukui mpaka uongeze --routines na --events. Ripoti ya jioni isipotoka kwenye mashine mpya, anzia hapo. Ukubwa wa faili hauhusiki, taratibu hizo ni maandishi machache tu.

Rekodi zote zipo, programu inafanya kazi, faili ni dogo

Sasa tumefika kwenye hewa. Hii ndiyo hali ya duka la Mbuyuni, na ndiyo inayowakuta wengi.

InnoDB hugawa faili katika kurasa, kila ukurasa kilobaiti 16. Uchukulie ukurasa kama kreti ya soda yenye matundu 24. Ghala lina kreti 100 zilizojaa, chupa zote zimepangwa kwa namba. Sasa pita kila kreti uchomoe chupa tisa. Zimebaki chupa 1,500, ambazo zingeenea kwenye kreti 63. Lakini ukitazama sakafu, bado zimekaa kreti 100. Ndivyo DELETE inavyofanya kazi. Rekodi inawekewa alama ya kufutwa, baadaye inasafishwa, tundu linabaki wazi likisubiri chupa nyingine ya namba za jirani. InnoDB hujaribu kuunganisha kreti pale moja inaposhuka chini ya nusu, na kreti ikiwa tupu kabisa inaweza kupewa kazi nyingine ndani ya ghala hilohilo. Kutolewa nje ya ghala, hapana. Mwenye nyumba, yaani mfumo endeshi, harudishiwi sakafu yake.

Kutoa na kuingiza upya ni kuhama nyumba. Faili la SQL halibebi kreti, linabeba chupa. Ukifika upande wa pili unafungua kreti mpya moja baada ya nyingine, unazijaza kwa mpangilio, na hakuna anayebeba kreti ya matundu matupu. Rekodi zikiingia kwa kufuata ufunguo mkuu, safu inayotambulisha kila rekodi, InnoDB hujaza ukurasa kiasi cha 15/16 na kuacha upenyo mdogo wa mabadiliko ya baadaye.

Kwenye duka lile palikuwa na jedwali la kumbukumbu za mfumo: kila kitufe alichobonyeza mtu wa kaunta kiliandikwa, hata kufungua droo. Kila Januari fundi aliyenitangulia alifuta za mwaka uliopita kwa DELETE, akidhani anapunguza faili. Faili la jedwali hilo peke yake lilikuwa giga 4.5. Baada ya kuhama, megabaiti mia mbili. Angekuwa anafuta jedwali lote kwa TRUNCATE nafasi ingerudi palepale, ila hapo asingebaki na za mwezi huu.

Lakini kufuta si lazima. Nimekutana na kanzidata ambayo haijawahi kufutwa rekodi hata moja na bado ilipungua vizuri tu. Ilikuwa ya kampuni ndogo ya kupeleka wageni mlimani na mbugani, Arusha. Ufunguo mkuu wa jedwali la safari ulikuwa UUID, zile herufi na namba 36 zisizo na mpangilio. Rekodi mpya haiingii mwishoni, inaingia popote. Ikiangukia kwenye kreti iliyojaa, InnoDB huipasua kreti hiyo kuwa mbili zilizojaa nusunusu. Fanya hivyo kila siku kwa misimu kadhaa ya wageni, utakuwa na kurasa zilizojaa kati ya nusu na 15/16, hakuna anayejua ipi ina nini. Uingizaji upya ulizipanga. Baada ya msimu mmoja zilikuwa zimeanza kupasuka tena, maana ufunguo ni uleule. Kama bado unaunda mfumo na una uhuru wa kuchagua, weka namba inayopanda iwe ufunguo mkuu, na UUID iwe safu ya kawaida yenye faharasa, yaani orodha ya kutafutia rekodi haraka.

Nikitaja faharasa: hizi nazo huvimba, na mara nyingi kuliko data. Faharasa ya jina la mteja hupokea majina kwa fujo siku zote. Mtego uliopo ni kwamba mysqldump huweka faharasa ndani ya CREATE TABLE, kwa hiyo wakati wa kuingiza zinajengwa rekodi kwa rekodi na kreti zake zinapasuka tangu siku ya kwanza. Utaona kwenye faili la SQL mistari ya DISABLE KEYS ukadhani umesalimika. Mistari hiyo hufanya kazi kwa MyISAM, injini ya zamani ya MySQL; InnoDB inaipita tu. Ukitaka faharasa zikae sawasawa, baada ya kuingiza endesha:

    OPTIMIZE TABLE wateja;

Itakujibu kwamba jedwali haliungi mkono optimize na kwamba inaunda upya na kuchambua badala yake. Usishtuke, hicho ndicho ulichokuwa unataka. Kwa kweli kama shida yako ni jedwali moja lililovimba, amri hii inatosha na huna haja ya kutoa chochote nje. Inachohitaji ni nafasi ya kuandika nakala nzima ya jedwali kabla ya kuliachia la zamani. Ukiwa na megabaiti mia tatu zilizobaki, usianze.

Ulipima faili, au ulipima folda?

Mhasibu alipima folda nzima, na hapo palikuwa na mgeni mwingine. MySQL 8.0 huandika kumbukumbu za mabadiliko, yale mafaili yanayoanza na "binlog", bila kuombwa, na huyatunza siku 30. Kwenye kompyuta ya zamani yalikula giga 2.9. Hayamo kwenye nakala ya SQL, na upande mpya nilikuwa nimezima uandishi wake wakati wa kuingiza kwa SET sql_log_bin=0. Kwa hiyo hesabu ya giga zake 7.8 ilikaa hivi: 2.9 za kumbukumbu za mabadiliko, 4.3 za lile jedwali la vitufe, na 0.6 iliyobaki ni majedwali mengine kupangwa vizuri. Nilimwandikia namba hizo kwenye kaunta buku, naye akazijumlisha mwenyewe kwa kikokotoo.

Nimetoa, nimefuta, nimeingiza upya, na ibdata1 haijapungua hata kidogo

Hii ni kinyume cha malalamiko ya mwanzo, na inawapata wenye seva za siku nyingi. Kabla ya MySQL 5.6 ya mwaka 2013, kawaida ilikuwa majedwali yote ya InnoDB kukaa ghala moja, faili la ibdata1. Faili hilo hukua tu, halipungui, hata ukifuta kanzidata nzima. Kuanzia 5.6 kila jedwali lina faili lake la .ibd, lakini jedwali lililozaliwa ndani ya ibdata1 hubaki humo mpaka lijengwe upya, na hata likitoka nafasi yake inabaki humo. Dawa ni moja: toa nakala ya kanzidata zote, ihakiki kwenye mashine nyingine, zima seva, anzisha folda mpya ya data, ingiza. Sijawahi kuifanya kazi hii mchana.

Kwa wa PostgreSQL

Huku hewa huzaliwa hata bila kufuta. UPDATE haibadilishi rekodi pale ilipo, inaandika toleo jipya na kuliacha la zamani kama maiti mpaka VACUUM, kazi ya usafi, ipite. Rekodi ya akiba ya bidhaa inayobadilishwa mara hamsini kwa siku imeacha maiti hamsini. Autovacuum, usafi unaojiendesha wenyewe, kwa mipangilio ya kawaida husubiri mpaka maiti zifike 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali, halafu hufungua nafasi itumike tena ndani. Kwa mfumo endeshi hurudisha tu kurasa tupu zilizoko mkiani mwa faili.

    SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup
    FROM pg_stat_user_tables ORDER BY n_dead_tup DESC;

Ukikuta maiti ni nyingi kuliko walio hai, usikimbilie kutoa na kuingiza. Tafuta kwanza nani anazuia mazishi. Ofisi moja hapa Moshi ilikuwa na programu ya ripoti iliyofungua muamala Jumatatu asubuhi, ikaachwa wazi kwenye kompyuta ya mtu aliyekwenda likizo. VACUUM haiwezi kuondoa toleo ambalo muamala huo bado una haki ya kuliona. Angalia pg_stat_activity, safu ya state, kama kuna "idle in transaction" ya muda mrefu. Tangu toleo la 9.6 unaweza kuiwekea kikomo kwa idle_in_transaction_session_timeout.

VACUUM FULL hufanya kazi ile ya kuhama bila kutoka nyumbani, ila hufunga jedwali lote, hata kusoma hairuhusiwi, na huhitaji nafasi ya nakala ya pili. Kwa upande wa faharasa, pg_dump ni mwerevu kuliko mysqldump: huziunda baada ya data zote kuingia, zikapangwa zikiwa zimejaa asilimia 90. Ndiyo maana kupungua kwa PostgreSQL huonekana kukubwa zaidi.

SQLite na Access, kanzidata ndogo za faili moja, nazipitia haraka. SQLite nayo hutunza kurasa tupu ndani ya faili. PRAGMA freelist_count itakuambia ni ngapi, VACUUM itazitoa, ila uwe na nafasi ya mpaka mara mbili ya faili. Access ina kikomo cha giga 2, na wengi wakikikaribia hudhani ni data. Bonyeza Compact and Repair kwanza, ukiwa umeshaweka nakala pembeni.

Faili la SQL lenyewe ni dogo kuliko kanzidata

Kawaida. Faharasa yenye giga nzima kwenye diski, ndani ya SQL ni mstari mmoja unaosema "iundwe faharasa hapa". Linaweza pia kuwa kubwa kuliko kanzidata: picha zikitolewa kwa --hex-blob, kila baiti inaandikwa kwa herufi mbili.

Wiki tatu baadaye limevimba tena

Alinipigia tena. "Kaka, ilikuwa tatu nukta mbili, sasa inasoma tatu nukta tisa. Ndiyo zinarudi zile?"

Sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa kumbukumbu za mabadiliko, ambazo zilianza upya siku nilipoondoka. Zingekua mpaka zitimize siku 30, kisha za mwanzo zianze kufutwa. Kiasi kidogo kilitoka kwenye kurasa: ukurasa uliojaa 15/16 hauna pa kuweka kitu, ukigusa kidogo unapasuka. Faili lililotoka kupangwa huvimba haraka mwanzoni, halafu hutulia. Huo uvimbe uache. Kuna mafundi wanaowauzia watu huduma ya kutoa na kuingiza kila mwezi ili faili libaki dogo. Kila mara wanaibana kreti ambayo kesho itapasuliwa tena, na kila mara wanaihatarisha data safarini.

Nilichobadilisha mimi ni lile jedwali la vitufe. Nililigawa kwa miezi, ili mwezi ukipita siku tisini sehemu yake iondolewe nzima na faili lake liondoke nalo. Mhasibu naye amejiwekea safu mpya kwenye kaunta buku, pembeni ya mauzo ya Ijumaa. Wiki iliyopita aliandika 4.1, na wiki hii pia 4.1.